Vitabu Sita Vyatosha kwa Mwaka

Wako wanaodai kwamba orodha ya vitabu vya kusoma ni jambo la mwanafunzi mwenye mtihani mbele yake, na kwamba mtu mzima, akishamaliza shule, asome apendapo na aache achokapo. Dai hilo lina sura nzuri, lakini matunda yake tunayaona. Hapa Kambarage, Shinyanga, kama ilivyo Kahama, Katoro na Geita mjini, wengi wetu tunasoma kutwa nzima bila kusoma kitu: ujumbe wa simu, matangazo ya mikopo, kichwa cha habari pasipo habari yenyewe, na mkeka wa kubeti. Asiyejichagulia cha kusoma huchaguliwa na wengine, na hao hawamchagulii kwa kumpenda. Kwa hiyo nasema kila mtu mzima anayejua kusoma ajiwekee orodha ya mwaka, tena fupi: vitabu sita, kimoja kwa miezi miwili. Vilevile asiifuate peke yake.

Ushahidi wa jambo hili hauko mbali. Kati ya mwaka 1968 na 1972 Serikali na UNESCO ziliendesha mradi wa elimu ya watu wazima katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, makao yake yakiwa Mwanza, na Shinyanga ilikuwamo. Vitabu vya kujifunzia vilihusu pamba, ng'ombe, migomba na uvuvi, mambo ambayo msomaji alikuwa akiyashika kwa mikono yake kila siku. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: kijitabu, kipindi cha redio, kikundi na kiongozi wake, na watu wapatao milioni 2 wakashiriki, baada ya kusoma wakaenda kuchimba vyoo. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1986 walihesabiwa kuwa kama mmoja katika kila kumi. Hesabu za Serikali zinaweza kutiwa chumvi, nakubali, lakini hata ukiipunguza chumvi hiyo, mabadiliko yanabaki kuwa makubwa. Tena tuangalie namna yalivyopatikana. Hakuna aliyeambiwa asome akijisikia. Kitabu kilijulikana, siku ilijulikana, na asiyefika aliulizwa na wenzake. Baadaye vikundi vilipotawanyika na karatasi ikaadimika, wako waliobaki na cheti huku usomaji wenyewe ukiwatoka. Kujua kusoma kulihitaji kitu cha kusoma na mtu wa kusoma naye.

Sasa, kwa nini sita? Kwa sababu watu sita, kila mmoja akinunua kitabu kimoja na kukipitisha kwa mwenzake kila baada ya miezi miwili, humaliza mwaka wamesoma vitabu sita kwa bei ya kimoja. Hapo pingamizi la fedha linapungua nguvu, na maktaba ya mkoa ipo mjini kwa anayekosa hata hicho kimoja. Pingamizi la nafasi ni zito zaidi, nami silibezi. Mkulima wa pamba hasomi wakati wa kuvuna na kuuza, na mchimbaji anayetoka duarani baada ya zamu ya usiku hutaka usingizi. Lakini kazi hizo zina vipindi vya kungoja. Anayesubiri mawe yake yasagwe kwenye karasha huweza kukaa nusu siku juu ya kiroba, vumbi limemtanda hadi kwenye kope, na simu imekwisha chaji. Kurasa kumi zinaingia hapo bila kumnyima mtu riziki. Mwalimu Nyerere, ambaye kata yetu imebeba jina lake la Kambarage, alichapisha tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare kuhusu Julius Caesar mwaka 1963, na ya Mabepari wa Venisi mwaka 1969, huku akiwa na nchi nzima ya kuongoza.

Wengine watasema kusoma kwa zamu kunaua utamu. Kwa vitabu vyepesi huenda ni kweli, lakini hivyo havihitaji orodha, vitasomwa tu. Orodha ni ya vile ambavyo mtu peke yake angeviacha njiani. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu hakikutoka mpaka 1980. Ni kinene, kinakwenda polepole, na msomaji mwenye haraka atakitupa kabla hajaona jinsi ndoa isiyo na mtoto inavyostahimili maneno ya wakwe na majirani. Hicho kitamfaa zaidi atakayekipata Septemba na Oktoba, pamba ikishauzwa na mvua hazijaanza. Rosa Mistika cha Kezilahabi, cha mwaka 1971, kinafaa wazazi wenye mabinti. Na katika sita hivyo kimoja kiwe Sheria ya Madini ya mwaka 2010 pamoja na marekebisho ya 2017. Ni kavu, wala sidai vinginevyo, lakini katika ukanda ambao watu hushirikiana duara kwa maneno ya mdomo na kugombana siku ya kugawana viroba, sijui kitabu kingine ambacho kurasa zake zina thamani ya karibu hivyo.

Kikundi kikifika Desemba kimemaliza vinne tu, kisivunjike. Viwili vilivyobaki vitangulie katika orodha ya mwaka unaofuata, na fedha za vitabu vipya zisichangwe mpaka hivyo viishe.