Miaka mitatu na nusu bila kombe
Machi 2022, mwaka mmoja baada ya Palma kushambuliwa, Mchina Wu Ashun alishinda Kenya Open huko Muthaiga, Nairobi, kwa tofauti ya mikwaju minne. Sisi tuliokimbilia Mtwara tulikuwa tukitafuta unga. Gofu nani aijali?

Leo naitazama kibiashara. Mchezaji wa kulipwa hana mshahara: asipovuka mchujo wa siku mbili za kwanza, kwa kawaida anarudi bila zawadi ya fedha. Wenzangu wa Kilambo na Namoto wanaijua hesabu hiyo. Wu alishinda China 2015, Austria 2016, Uholanzi 2018, kisha kimya hadi Muthaiga. Yeye viwanja vilimngoja. Mimi nimerudi Palma na mtaji wa kukopa, na aliyenikopesha anataka chake kila mwisho wa mwezi.