Fedha Hizi Zimetoka Wapi?

Mjane anayetaka kupokea shilingi mia tano kutoka kwa mwanawe aliye mjini hana budi kusajili laini ya simu kwa kitambulisho cha taifa. Asiye nacho huazima cha jirani, au hurudi nyumbani mikono mitupu. Tangu M-Pesa ianze nchini Kenya mwezi Machi 2007, simu imekuwa mkoba wa maskini. Anayefungiwa huko amefungiwa sokoni.

Hatusemi kwamba utambuzi wa wateja ni jambo baya. Mwizi wa mali ya umma na mwuza dawa za kulevya wana shida moja, yaani fedha wasizoweza kuzieleza. Huzigawa vipande vipande, huzipitisha katika akaunti na laini zenye majina ya watu wengine, kisha huzitoa zikiwa na sura ya duka au nyumba ya kupangisha. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2009 inazitaka taasisi za fedha zimjue mteja, zitunze kumbukumbu na kutoa taarifa za miamala ya mashaka.

Tunacholalamikia ni mizani. Mwezi Septemba 2018 Benki Kuu ya Kenya iliyatoza mabenki matano faini ya jumla ya shilingi milioni 392.5, kwa kuwa zaidi ya shilingi bilioni 3.5 zilizohusiana na shirika la vijana la NYS zilipita mikononi mwao. Fedha taslimu nyingi hazikuripotiwa, na miamala mikubwa haikuwa na hati za kutosha. Je, wenye akaunti hizo walikosa vitambulisho? Mjane huulizwa yeye ni nani. Wao hawakuulizwa ipasavyo fedha zimetoka wapi.

Mwezi Februari 2024 chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha, chenye makao yake Paris, kiliiweka Kenya katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu. Tunahofu kwamba jibu litakuwa kumwongezea mjane karatasi. Lakini chombo hicho hicho, mwezi Februari 2025, kilirekebisha viwango vyake ili ukaguzi ulingane na hatari, na wenye hatari ndogo wapewe utaratibu mwepesi. Wakubwa wetu na wasome na sehemu hiyo.

Nasi parokiani tunalo la kufanya. Kijana anayelipwa vijisenti asajili laini kwa ajili ya mtu asiyemjua ajue kwamba siku ya msako jina litakaloonekana ni lake. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wawatafute wasio na vitambulisho na kufuatana nao hadi kwa chifu. Na kwenye harambee, bahasha nene inapoletwa, mtunza hazina aandike jina la mtoaji na chanzo cha fedha kabla makofi hayajapigwa. Asiyeweza kujibu arudishiwe bahasha yake, hata kama paa la kanisa bado linavuja.