MITI MINGI SI MATUNDA MENGI

Kila msimu wa mapichesi twasikia manung'uniko yale yale kutoka milima ya Usambara. Mkulima ana miti tele, lakini tenga lake limejaa matunda madogo kama ndimu, na mchuuzi humpa bei aipendayo yeye. Lawama zote humwangukia mchuuzi. Sisi hatumtetei, lakini yatupasa kusema kweli: sehemu ya hasara hii twaipanda wenyewe kwa mikono yetu.

Tazameni hesabu. Eka moja ikipandwa futi 10 kwa 10 huchukua miti 435. Ikipandwa 20 kwa 20 huchukua 108 tu. Mwenye shamba dogo akisikia 108 huona anapunjwa, na Usambara ardhi ni haba kweli. Nasi twakubali kwamba miaka ya kwanza eka yenye miti ya karibu huzaa zaidi. Lakini miti ikikua matawi hushikana, na jua halifiki chini. Jani lisilopata nuru halitengenezi sukari ya kutosha, wala tawi lake halifanyi macho ya maua ya mwaka ujao. Matawi ya ndani hukauka, unyevu hukaa, ukungu hupata makao, na matunda yote hukimbilia kileleni.

Tena mpichesi si kama mwembe. Huzaa juu ya vijiti vilivyochipua mwaka uliopita, na kijiti kilichokwisha kuzaa hakizai tena pale pale. Kwa hiyo mti usiopogolewa kila mwaka husogeza matunda yake mbali na shina, mpaka matawi huvunjika kwa uzito. Dawa yake si ghali: mkasi, msumeno na moyo wa kukata. Mche mchanga ukatwe juu kidogo ya goti, yaachwe matawi matatu au manne yanayoelekea nje, na katikati pawe wazi kama bakuli. Kisha kila mwaka, katika miezi ya baridi, majani yakiisha kupukutika na kabla ya maua, yaondolewe matawi yaliyokufa, yanayopandana, na mengi ya yale yaliyokwisha kuzaa. Matunda nayo, yakiwa bado machanga, yapunguzwe yaachane kiasi cha inchi 6.

Wako wasemao kwamba nchi nyingine hupanda karibu karibu na hupata mavuno makubwa. Ni kweli. Lakini wakulima wa huko hukata miti yao kila mwaka bila huruma. Nafasi na mkasi ni jambo moja: apunguzaye nafasi sharti azidishe kukata. Anayekataa yote mawili anafuga kuni.

Twajua kwa nini watu wa milimani huyatilia shaka maneno ya mabwana shamba. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa Mlalo, na katika miaka ya 1950 ikaueneza Usambara, watu wakishurutishwa kulima matuta kwa amri na faini. Wananchi walikataa, na mpango ukafa kabla ya Uhuru wa 1961. Udongo ulikuwa ukimomonyoka kweli, lakini mtu mzima hafundishwi kwa faini. Basi kosa lile lisirudiwe, wala lisiwe kisingizio cha kukataa kila elimu.

Shauri letu ni hili. Asikatiwe mtu mti wake kwa amri. Kila kijiji kichague shamba moja. Miti mitano ipogolewe na kupewa nafasi, mitano iachwe ilivyo. Matenga ya kila upande yahesabiwe mbele ya watu, na bei yake iandikwe, kwa miaka mitatu. Mali bila daftari huisha bila habari. Mwenye shamba lililosongamana aondoe mti mmoja kati ya miwili, kidogo kidogo. Mahali palipoachwa wazi jua litashuka, na maharage yatastawi hapo. Hivyo ardhi haikupotea.

Mkono unaotetemeka kukata tawi leo ndio utakaopokea senti chache kesho. Vijana, chukueni mikasi. Wazee, waoneni wakifanya kazi, kisha mhukumu kwa tenga.