RUHUSA ILIYOKUJA NYUMA YA ASKARI



Tarehe 25 Juni, 2024, vijana waliokuwa wakiupinga Mswada wa Fedha walivamia majengo ya Bunge jijini Nairobi. Siku hiyo hiyo Waziri wa Ulinzi, Bw. Aden Duale, alitangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba jeshi limetumwa kuwasaidia polisi kukabili kile alichokiita dharura ya usalama. Tarehe 26 Bunge la Taifa likaridhia. Tarehe 27 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Chama cha Mawakili, ilikataa kuwarudisha askari kambini, lakini ikaiamuru Serikali itangaze ndani ya siku mbili mipaka ya kazi yao na muda wao.

Zitazameni tarehe hizo. Wa kwanza kufika ni askari, wa pili ni ruhusa, wa tatu ni mipaka. Ni nani aliyepata kuoa kwanza, kisha akaenda kuposa?

Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 241(3), imezitenga hali mbili. Aya ya (b) inahusu dharura na maafa: humo jeshi husaidia mamlaka nyingine, kisha taarifa hupelekwa Bungeni. Aya ya (c) inahusu machafuko ya raia: humo jeshi haliingii ila kwa idhini ya Bunge la Taifa. Kutoa taarifa ni jambo moja, kuomba idhini ni jingine. Maandamano yakishapewa jina la dharura, aya ya (c) hubaki wino mtupu, kwa maana hakuna ghasia isiyoweza kuitwa dharura na mtawala aliyefadhaika.

Hata hali ya hatari yenyewe, ile inayotangazwa rasmi kwa Kifungu cha 58, haizidi siku 14, na kuirefusha mara ya kwanza kunataka thuluthi mbili za wabunge. Basi dharura iliyotangazwa kwa utaratibu ina kikomo, na hii isiyotangazwa kwa utaratibu huo ilitoka bila kikomo hata jaji alipouliza! Kama hiyo si hila ya maneno, hatujui hila ni nini.

Atasema msemaji: Bunge lilikuwa likiungua, mlitaka Serikali ingoje kikao? Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuwatetei waliochoma wala waliopora. Lakini wabunge walikuwa ukumbini mchana ule ule, na kesho yake wakakutana. Kilichokosekana si kikao. Kilichokosekana ni nia ya kuomba. Tena tarehe 26 hiyo hiyo Rais alitangaza kwamba hatatia saini mswada uliokuwa chanzo cha yote. Kumbe dawa ilikuwa kalamu.

Wala hatudai kwamba jeshi ndilo lililomwaga damu ya Juni. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 39 waliokufa kufikia tarehe 1 Julai, na lawama kubwa iliwaangukia polisi. Hofu yetu ina umri mrefu kuliko mswada ule.

Februari 1984, katika operesheni ya kukusanya silaha, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, wakawekwa juani siku kadhaa bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Serikali ilikiri vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ilisema huenda waliouawa wakakaribia 1,000. Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mnaijua habari hiyo kwa majina ya ami na wajomba, si kwa ripoti.

Na Bunge, je? Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga watumishi wa dola wasishtakiwe kwa waliyoyatenda kati ya 1963 na 1967 katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya jirani, zikiwemo Tana River na Lamu. Hiyo nayo ilikuwa ridhaa iliyokuja baada ya tendo. Mwenye kuridhia leo kilichofanyika jana ameshajizoesha njia hiyo.

Kwa hiyo kila kamati ya msikiti imwandikie mbunge wake maswali matatu. Je, atakubali sheria inayolazimisha kila tangazo la kutuma jeshi litaje mahali, siku ya mwisho na afisa mwenye dhamana? Je, atadai taarifa ya baadaye isomwe hadharani Bungeni? Na tarehe 26 Juni, 2024, yeye alisema nini ukumbini? Jibu likija, lisomwe baada ya sala ya Ijumaa. Lisipokuja, isomwe barua yenyewe.