Saratani ya ovari: Baada ya dripu ya mwisho, familia iangalie nini?

Mama wa Bariadi anapomaliza dripu ya mwisho ya kemotherapi katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, Mwanza, hurudi nyumbani kwa basi kupitia Magu na Lamadi akiwa na tarehe ya kliniki kwenye kadi, na swali ambalo huogopa kuliuliza mbele ya watoto. Je, itarudi?

Ana haki ya kuuliza. Saratani ya ovari, yaani mifuko ya mayai ya uzazi, mara nyingi hugundulika ikiwa imeshasambaa tumboni, kwa sababu dalili zake za mwanzo hufanana na gesi, vidonda vya tumbo au uchovu wa shamba. Kati ya wanawake 10 wanaoanza tiba wakiwa hatua ya tatu au ya nne, 7 au zaidi hurudiwa na ugonjwa, wengi wao ndani ya miaka mitatu.

Daktari hawezi kutaja siku. Lakini yapo mambo yanayomsaidia kukadiria. La kwanza ni hatua ya ugonjwa siku ulipogundulika. Aliyewahi, uvimbe ukiwa bado ndani ya ovari, ana matumaini makubwa zaidi ya kupona kabisa. La pili ni upasuaji. Pale daktari alipofanikiwa kuondoa uvimbe wote unaoonekana kwa macho, hatari hupungua. Palipobaki vipande, huongezeka.

La tatu ni muda. Dawa kuu za ugonjwa huu, kama carboplatin, zina madini ya platinamu. Ugonjwa ukirudi kabla ya miezi 6 tangu dripu ya mwisho, mara nyingi dawa hizo hazifui dafu tena. Ukikaa zaidi ya hapo, zinaweza kusaidia kwa mara nyingine. Ndiyo maana tarehe ya dripu ya mwisho si ya kusahau.

La nne ni aina ya uvimbe na urithi. Baadhi ya wanawake wamezaliwa na hitilafu katika vinasaba vinavyoitwa BRCA. Mara nyingi miili yao huitikia vizuri dawa za platinamu, lakini hitilafu hiyo inaweza kupita kwa watoto, na binti anaweza kuirithi hata kwa baba. Kama kwenye ukoo kuna mama, shangazi au bibi aliyeugua saratani ya matiti au ya ovari, daktari aambiwe.

Kisha kuna kipimo cha damu kiitwacho CA-125. Namba yake inaweza kuanza kupanda miezi kadhaa kabla mgonjwa hajahisi chochote, na hapo ndipo familia nyingi huingia kwenye hofu. Baba hujiuliza: auze ng'ombe ili mama apime kila mwezi?

Jibu limewahi kutafutwa. Mwaka 2010 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliowagawa wanawake 529 ambao CA-125 yao ilipanda baada ya tiba. Kundi moja lilianzishiwa dawa mara moja. Jingine lilisubiri hadi dalili zijitokeze. Waliowahishwa walianza dawa karibu miezi 5 mapema, lakini hawakuishi muda mrefu zaidi. Walichopata mapema ni adha za dawa.

Tena namba hiyo hupanda kwa sababu nyingine pia: hedhi, ujauzito, uvimbe wa kizazi, ugonjwa wa ini, hata kifua kikuu cha tumboni. Haina maana kwamba kipimo ni bure. Daktari hukitumia pamoja na kumpima mgonjwa kwa mikono na picha za tumbo, na wapo wachache ambao ugonjwa ukirudi hufaidika na upasuaji wa pili. Apime pale daktari anapoagiza. Ng'ombe huyo atafaa zaidi kwa nauli ya kliniki.

Kliniki yenyewe kwa kawaida huwa kila baada ya miezi 2 hadi 4 katika miaka miwili ya mwanzo, kisha nafasi hurefuka. Tarehe ikiangukia wakati wa kuvuna pamba, shamba lisubiri au jirani asaidie.

Nyumbani, familia iangalie tumbo kujaa au kuongezeka, kushiba haraka, maumivu ya tumbo au nyonga, haja ndogo ya mara kwa mara, choo kigumu, na kupungua uzito. Dalili mpya ikidumu wiki mbili, asisubiri tarehe ya kadi. Pumzi ikibana, mguu mmoja ukivimba, au akitapika huku hapati choo, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Karatasi zote ziwekwe kwenye bahasha moja: ripoti ya upasuaji, majibu ya kinyama kilichopimwa, majina ya dawa na tarehe zake. Hata akianzia hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Bariadi, daktari asiyemfahamu ataanza na mwanga.

Na mtoto mkubwa wa nyumba aambiwe bahasha hiyo inakaa wapi. Siku mama atakapozidiwa, huenda yeye ndiye atakayeibeba.