Mjumbe wa vita na machozi ya mama



Mwaka 2021, majuma machache baada ya mji wa Palma kushambuliwa tarehe 24 Machi, mama mmoja wa jumuiya zetu ndogo ndogo alifika ofisini kuandikisha nia ya Misa. Mwanawe, fundi seremala, alikuwa amekwenda Palma, kaskazini mwa Msumbiji, kutafuta riziki karibu na mradi wa gesi wa Afungi. Simu yake ilikuwa haipatikani tena. Mama akatuuliza: "Baba Paroko, nimwandike kwa walio hai au kwa marehemu?" Tulishika kalamu, tukakosa la kuandika.

Swali lile ndilo linalotuongoza juma hili kutafakari juu ya watu wanaoandika habari za vita na majeshi bila kuwa waajiriwa wa serikali wala wa jeshi. Je, wanatusaidia, au wanatia mikono yao pasipowahusu?

Msumbiji si mbali nasi. Hapa hapa Bagamoyo, mwanzoni mwa miaka ya 1970, palikuwa na shule ya sekondari ya FRELIMO, na wazee wetu wanawakumbuka vijana wale. Lakini vita vilipozuka Cabo Delgado, tarehe 5 Oktoba 2017 huko Mocímboa da Praia, habari zilitufikia kwa shida. Waandishi walizuiwa kuvikaribia. Amade Abubacar alikamatwa Macomia Januari 2019 alipokuwa akizungumza na watu waliokimbia makazi yao, akakaa kizuizini hadi Aprili. Ibraimo Mbaruco, wa redio ya jamii ya Palma, alitoweka tarehe 7 Aprili 2020 baada ya kutuma ujumbe kwamba amezingirwa na askari.

Katika giza hilo wachache waliendelea kuwasha taa. Zitamar News, chombo huru cha habari katika mtandao wa intaneti, kikishirikiana na gazeti la MediaFax na shirika la ACLED linalohesabu matukio ya vita duniani, kilianzisha mwaka 2020 taarifa za mfululizo zilizoitwa Cabo Ligado. Zilieleza kijiji gani kimeshambuliwa, siku gani, wangapi wamekufa, na majeshi yametenda nini, mema na mabaya. Mhariri wa Zitamar, Tom Bowker, alifukuzwa Msumbiji Februari 2021. Mwezi uliofuata Palma ikateketea.

Kanisa nalo halikunyamaza. Askofu Luiz Fernando Lisboa wa Pemba alisema waziwazi mateso ya watu wake, akashutumiwa vikali kwa kusema. Agosti 2020 Baba Mtakatifu Fransisko alimpigia simu kumtia moyo.

Wapo waamini watakaotuambia: "Padre, mambo ya jeshi ni siri." Ni kweli, na hatudharau hoja hiyo. Nchi yetu ina Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, na hakuna mwenye busara anayetaka adui ajue askari wetu watapita njia gani kesho. Mwandishi anayefichua hilo anauza damu ya watoto wetu. Lakini mahali askari alipo leo ni jambo moja, na kifo chake cha jana ni jambo jingine. La kwanza lafaa kufichwa ili aishi. La pili likifichwa, anayelindwa si askari tena, bali heshima ya wakubwa.

Tunaposoma Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 18, tunawakuta wajumbe wawili wakikimbia kutoka vitani. Ahimaasi alikimbia kwa kasi zaidi, akafika kwanza na neno la ushindi. Alipoulizwa juu ya kijana Absalomu, alisema aliona ghasia kubwa asijue ni nini. Yule Mkushi alifika baadaye, naye ndiye aliyesema ukweli. Daudi alilia kwa uchungu, lakini alilia akijua anamlilia nani. Vita vyote vina akina Ahimaasi wengi. Wakushi ni wachache.

Nasi Watanzania tunaijua tofauti hiyo. Desemba 2017 askari wetu wasiopungua 14 walipouawa Semuliki, mashariki mwa Kongo, taifa liliambiwa, nasi tukawaombea kama taifa. Lakini majuma mawili hivi kabla, tarehe 21 Novemba 2017, Azory Gwanda, mwandishi aliyeripoti mauaji ya Kibiti katika Mkoa wetu huu wa Pwani, alitoweka. Hadi leo familia yake haijaonyeshwa kaburi wala kuelezwa kwa uhakika yaliyompata. Na Oktoba 2020 vita vilipovuka Mto Ruvuma na kukipiga kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, siku kadhaa zilipita kabla ya mkuu wa polisi wa wakati ule kuthibitisha. Siku hizo zilijazwa na uvumi.

Kwa hiyo, wapendwa, tusiwaite wasaliti wale wanaotuletea habari ya kweli. Tuisome kwa kiasi: tuulize nani ameona, nani amehesabu. Tusisambaze picha za maiti, maana kila maiti ana mama. Tuwaombee askari wetu, na tuwaombee pia wanaoandika juu yao. Ukweli juu ya waliokufa si zawadi ya serikali kwa wananchi. Ni deni kwa wafiwa.

Siku ile tuliandika jina la kijana yule peke yake, bila kulitia upande wowote. Mama yake bado huja kila mwaka, na bado tunaliandika hivyo hivyo.

Bikira Maria, Mama wa Mateso, utuombee.