Mwacheni Avae Taji, Lakini Mwelezeni



Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, bibi mmoja wa jumuiya zetu alitungoja mlangoni mwa sakristia akiwa na jambo zito moyoni. Binti yake anaishi na familia yake huko Uswidi, kaskazini mwa Ulaya. Mjukuu wake wa kike, mwenye umri wa miaka minane, amechaguliwa shuleni kuwa Lusia katika maandamano ya tarehe 13 Desemba. Atavaa kanzu nyeupe, atafungwa utepe mwekundu kiunoni, na kichwani atavikwa taji la mishumaa. Jirani mmoja alimwambia bibi kwamba hayo ni mambo ya kipagani yaliyopewa jina la mtakatifu, na kwamba watu wa huko hawasali tena. Basi akatuuliza: "Baba, nimwambie mama yake amkataze?"

Tulimjibu kwa ufupi: "Hapana, Mama. Mwacheni avae." Lakini jibu fupi halimtoshi mtu aliyelala na wasiwasi wiki nzima. Tumeona vema kulitafakari jambo hili pamoja nanyi nyote, kwa kuwa swali lile linatuhusu hata sisi ambao hatujawahi kuiona theluji.

Sisi tunaoishi karibu na Ikweta hatuwezi kuzielewa sikukuu za Waswidi pasipo kwanza kulielewa giza lao. Kwetu sisi jua ni kama mtumishi mwaminifu: huchomoza kwenye saa kumi na mbili na kuzama kwenye saa kumi na mbili, mwaka mzima. Mjini Stockholm, katikati ya Desemba, jua huchomoza karibu na saa tatu asubuhi na huzama kabla ya saa tisa alasiri. Kaskazini zaidi yapo maeneo ambako halichomozi kabisa kwa siku nyingi. Mwezi Juni mambo hugeuka: Stockholm hupata mwanga wa jua kwa saa zaidi ya kumi na nane, na kule kaskazini jua halizami hata usiku wa manane. Watu wa namna hiyo wakiwasha mshumaa mwezi Desemba, hawapambi meza tu. Wanapambana na giza.

Lusia mwenyewe hakuwahi kuiona nchi hiyo. Alikuwa binti wa mji wa Sirakusa, katika kisiwa cha Sisilia kusini mwa Italia, naye aliuawa kwa ajili ya imani yake mwaka 304, wakati wa dhuluma ya Kaisari Diokletiano. Jina lake linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya nuru. Kanisa la Roma lilimheshimu hata likamtaja katika Sala Kuu ya kwanza ya Ekaristi, pamoja na Agata, Agnesi na Sesilia. Kila padri aisalipo sala ile kwa ukamilifu, binti huyo wa Sisilia hutajwa altareni. Utepe mwekundu wa mtoto wa shule ni ukumbusho wa damu ya shahidi. Kuhusu taji, watu husimulia kwamba Lusia aliwapelekea chakula Wakristo waliojificha gizani chini ya ardhi, na alibeba mishumaa kichwani ili mikono yake ibaki huru kushika mikate. Hayo ni masimulizi ya watu, wala si historia iliyothibitishwa, lakini mwalimu wa katekisimu angetafuta mfano gani ulio bora zaidi? Nuru kichwani, chakula mikononi.

Katika kalenda ya zamani ya Juliani, usiku wa Lusia ulihesabiwa na watu wa kaskazini kuwa mrefu kuliko yote, nao waliuogopa. Habari ya kwanza inayojulikana ya Lusia aliyevaa mavazi meupe nchini Uswidi ni ya mwaka 1764, katika nyumba ya wenye mashamba huko Västergötland, magharibi mwa nchi. Mwaka 1927 gazeti moja la Stockholm liliandaa shindano la kumchagua Lusia wa mji, na desturi ikazidi kuenea. Leo hufanyika shuleni, hospitalini, makanisani na maofisini. Wasichana huja alfajiri wakiimba, wavulana wakiwafuata na kofia ndefu zenye nyota, mabaki ya michezo ya kale ya sikukuu ya Epifania. Kisha watu hunywa kahawa na kula mikate midogo ya zafarani iliyokunjwa kama herufi S. Siku hiyo si ya mapumziko kiserikali, na hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuiadhimisha.

Bibi yule alikuwa na hofu nyingine ambayo hakuitaja, nasi tunaitaja kwa niaba yake. Mwaka 2016 tangazo la biashara la duka moja kubwa la nchi hiyo lilimwonyesha mtoto mwenye ngozi nyeusi amevaa mavazi ya Lusia. Matusi ya mtandaoni yalimiminika juu ya mtoto yule hata tangazo likaondolewa. Walioandika matusi walidai kuilinda mila yao. Mila ipi? Shahidi mwenyewe alitoka Sisilia, tuni ya wimbo wake mashuhuri ilitoka Napoli, na zafarani haikuzaliwa katika theluji. Sikukuu hii ilifika Uswidi ikiwa mgeni, ikapokelewa, ikapewa kiti karibu na moto. Anayemfukuza mtoto mweusi kwa jina la Lusia anamfukuza Lusia mwenyewe pamoja naye.

Tukirudi kwa jirani na hoja yake, hatutaki kuipuuza, maana ndani yake mna ukweli wa nusu. Kalenda ya Waswidi imejaa majina ya watakatifu ambayo wengi wanaoyatamka hawayajui tena maana yake. Mfano unaotugusa kuliko yote ni wa tarehe 25 Machi, Sherehe ya Kupashwa Habari Bikira Maria. Kwa Kiswidi siku hiyo iliitwa Vårfrudagen, yaani siku ya Bibi Yetu. Kadiri miaka ilivyopita, ulimi wa watu uliligeuza jina hilo likawa Våffeldagen, na våffla kwa lugha yao ni mkate mwembamba wenye vishimo kama sega la nyuki, unaookwa kati ya bamba mbili za chuma. Kosa la matamshi likazaa desturi: tarehe 25 Machi nchi nzima hula mikate hiyo kwa jamu na krimu. Mwaka 1953 Kanisa la nchi hiyo lilihamishia adhimisho lenyewe siku ya Dominika. Mikate haikuhama. Malaika alikuja Nazareti na habari kuu kuliko zote, na kwa wengi kilichobaki ni kiamshakinywa.

Mwingine ni mkate wa Jumanne inayotangulia Jumatano ya Majivu, uitwao semla. Hutiwa iliki, hujazwa lozi zilizosagwa na krimu. Mfalme Adolf Fredrik alifariki tarehe 12 Februari 1771, siku hiyo hiyo ya Jumanne, baada ya mlo mzito uliomalizika kwa mikate ya namna hiyo. Maana ya mkate ule ilikuwa wazi: leo tunashiba, kesho tunafunga. Siku hizi huuzwa madukani tangu mara baada ya Noeli, na mfungo uliokuwa ukiufuata umesahaulika kwa walio wengi. Shibe imebaki, mfungo umeondoka.

Hata sikukuu yao kubwa ya kiangazi, ambayo wengi huipenda hata kuliko Noeli, ilikaa juu ya tarehe ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, 24 Juni, mpaka mwaka 1953 ilipohamishiwa Jumamosi iliyo kati ya tarehe 20 na 26. Husimamisha mlingoti uliopambwa kwa majani na maua, huuzunguka wakicheza na kurukaruka kama vyura, wazee kwa watoto. Hula samaki wa siki, viazi vipya na matunda mekundu ya stroberi. Wasichana huchuma maua ya aina saba na kuyaweka chini ya mto ili wamwote mume mtarajiwa. Mababa wa Kanisa walikwisha kutambua kwamba Yohane huzaliwa wakati siku zinapoanza kufupika, na Kristo huzaliwa wakati zinapoanza kurefuka, kama Yohane mwenyewe alivyosema kwamba imempasa kupungua ili Bwana azidi. Kwetu fundisho hilo husomwa kitabuni. Mswidi huliona dirishani kwake kila mwaka, kama yupo wa kumwonyesha.

Je, basi, jirani ana haki? Je, sikukuu hizi ni maganda matupu? Kuna mambo mawili yanayotuzuia kusema hivyo.

La kwanza ni historia ya Kanisa lenyewe. Mwaka 601 Papa Gregori Mkuu alimwandikia Abati Mellitus, aliyekuwa akienda Uingereza, kwamba mahekalu ya wapagani yasibomolewe bali yatakaswe, na kwamba watu waachiwe karamu zao, ila sasa wazifanye kwa kumshukuru Mungu wa kweli. Uinjilishaji haukuogopa moto, maua wala chakula. Ulivipa jina jipya.

La pili ni hili: desturi hudumu mahali ambapo amri hushindwa. Tangu mwaka 1527, chini ya Mfalme Gustav Vasa, Uswidi iliachana na Roma. Monasteri zilifungwa, na heshima kwa watakatifu ikafifia. Mwaka 1772 Mfalme Gustav III alifuta siku nyingi za sikukuu kwa mkupuo mmoja ili watu wafanye kazi. Hata hivyo jina la Lusia halikufa, kwa sababu lilikuwa limehifadhiwa jikoni na midomoni mwa watoto. Jumamosi ya Watakatifu Wote, mwanzoni mwa Novemba, maelfu ya watu ambao hawaonekani kanisani mwaka mzima huenda makaburini kuwasha taa. Mtu anayesimama kwenye baridi, mbele ya kaburi la mama yake, mshumaa mkononi, hatuwezi kumwita mtu asiye na sala. Labda amesahau maneno yake tu. Tarehe 1 Novemba 2016, katika Sherehe hiyo ya Watakatifu Wote, Hayati Papa Fransisko aliadhimisha Misa katika uwanja wa mpira mjini Malmö, akiwa na Wakatoliki wa nchi ile, ambao wengi wao ni wahamiaji na watoto wa wahamiaji. Miongoni mwa watu wa namna hiyo ndipo alipo mjukuu wa bibi yetu.

Gunia lililobeba karafuu huendelea kunukia hata baada ya karafuu kumwagwa. Mpumbavu hulichoma akisema ni tupu. Mwenye busara hulijaza tena.

Nasi tujichunguze kabla ya kuwacheka wengine. Tunapobatiza, je, mazungumzo ya nyumbani wiki nzima huwa juu ya sakramenti, au juu ya hema, sare na idadi ya kreti za soda? Watoto wetu wakiulizwa Noeli ni nini, wangapi watasema nguo mpya na pilau? Tuna watoto wa Kipaimara wanaobeba jina la mtakatifu ambaye hawajawahi kusimuliwa habari zake. Waswidi walipitia karne kadhaa kufika walipo. Sisi tunaweza kufika huko kwa kizazi kimoja, tena makanisa yetu yakiwa yamejaa. Kusahau hakuanzi na kanisa tupu. Huanza na mtoto aliyeuliza "kwa nini?" akaambiwa "nyamaza, ule."

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Kwa watu wazima wenye vichwa vigumu methali hiyo inafaa. Kwa mtoto haifai hata kidogo. Wana wa Israeli waliagizwa kwamba mtoto atakapouliza maana ya mlo wa Pasaka, baba amsimulie jinsi Mungu alivyowatoa Misri. Mlo ule haukutengwa na simulizi lake, na kwa sababu hiyo umedumu.

Kwa hiyo, Mama yetu mpendwa, ushauri wetu ni huu. Usimkataze mjukuu wako. Mpigie simu jioni ya tarehe 12. Mwambie kwamba msichana atakayemwigiza kesho aliishi kweli, kwamba alikuwa kijana, kwamba aliambiwa amkane Kristo akakataa. Mwambie utepe ule ni mwekundu kwa sababu gani. Kama kuna mtu atakayemtazama kwa jicho baya kwa ajili ya rangi yake, mwambie Lusia naye alikuwa mgeni katika nchi ile. Halafu mwombe, akisha kuimba, ampelekee mkate mmoja wa zafarani jirani aliye mpweke, ili mikono yake nayo ifanye kazi ya Lusia.

Nanyi nyote, siku hiyo ya kumbukumbu yake, mtafuteni nyumbani au katika jumuiya mtoto au mama aitwaye Lusia, maana hawakosekani, mumweleze jina lake limetoka wapi. Misa ya asubuhi siku hiyo itakuwa saa kumi na mbili na nusu. Tutaisali Sala Kuu ya kwanza kwa ukamilifu, majina yote. Njoni na watoto.

Bwana awabariki, na awaangazie njia zenu katika Majilio haya.